Kujenga modeli za meli za matanga kwa seti za mbao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa Bagamoyo, kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza kujenga modeli ya meli ya matanga nyumbani kwake, na pia kwa aliyekwisha kuanza akakwama. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja, nao ni kwamba chombo hujengwa ubavuni. Milingoti na kamba ndizo zinazovuta macho ya mgeni anayeingia sebuleni, lakini modeli iliyovikwa mbao vibaya haiokolewi na kamba hata zikiwa nzuri namna gani. Kwa sababu hiyo swali la kuvika mbao limepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

Seti ya modeli ni kitu gani hasa?

Ni boksi lenye vipande vya mbao vilivyokatwa tayari au nusu tayari, michoro, kitabu cha maelekezo, nyuzi, na vitu vidogo vya chuma au shaba kama vile nanga na mizinga. Mnunuzi hapewi meli ya kubandika vipande vinne akamaliza. Hupewa plaiwudi yenye umbo la mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake), fungu la fito bapa za mbao, na vijiti vya mviringo vya kuchongea milingoti, kisha kazi yote ya kupinda, kupunguza, kulainisha na kufunga humbakia yeye.

Ziko aina tatu. Katika ya kwanza, mwili wa chombo ni gogo moja lililochongwa karibu na umbo lake, nawe unalimalizia kwa patasi na msasa. Katika ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea kuliko zote, mataruma bapa ya plaiwudi huchomekwa juu ya mkuku kisha huvikwa fito. Katika ya tatu, kila taruma hujengwa kwa vipande kama katika meli halisi, na mara nyingi sehemu ya ubavu huachwa wazi ili mifupa ya ndani ionekane. Aina hiyo ya tatu si ya mtu anayeanza.

Je, ni lazima niwe seremala?

Si lazima. Kinachotakiwa ni macho yanayoona vizuri karibu, kwa miwani au bila miwani, na moyo wa kurudia kipande kimoja mpaka kikae. Seremala mzoefu ana faida ya kuijua mbao, ila naye hulazimika kujizoeza upya, kwa sababu vipimo vya hapa ni nusu milimita.

Nianze na chombo kipi?

Wengi huanza kwa kuitamani Victory, manowari ya Nelson, kamanda wa majini wa Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo bado ipo Portsmouth, Uingereza. Ni meli ya mizinga 104, na seti yake ya skeli ya 1:72 (yaani meli iliyopunguzwa mara 72) huzaa modeli yenye urefu unaozidi mita moja na robo. Wengine huitaka Cutty Sark ya mwaka 1869, inayotazamwa leo Greenwich, London, nayo ina milingoti mitatu iliyojaa foramali (miti inayobeba matanga) na mamia ya kamba. Ushauri wangu kwa wote hao ni kuziacha meli hizo kwanza. Si kwamba hawataziweza kamwe, bali meli kubwa humtaka mjenzi arudie kosa lile lile mara mia mbili kabla hajajua kuwa ni kosa. Mashua ndogo humwonyesha kosa hilo katika ubao wa tatu, na bado anaweza kuubandua.

Chagua chombo kisicho na sitaha, au chenye mlingoti mmoja. Kampuni ya Model Shipways ya Marekani imetoa mfululizo wa boti tatu uliopangwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ya kwanza ni boti ya wavuvi wa Grand Banks (eneo la uvuvi karibu na Kanada) katika skeli ya 1:24, ya pili ni boti ndogo ya tanga ya Norwei katika skeli ya 1:12, na ya tatu ni mashua ya wavuvi wa kamba-mti, nayo ni ya 1:24. Kila moja inaongeza ugumu juu ya iliyotangulia, na skeli zake ni kubwa kiasi kwamba vidole havipotei ndani ya kazi. OcCre ya Hispania ina Polaris ya 1:50, ambayo nayo inamfaa anayeanza. Mwenye mapenzi na majahazi atakutana na seti ya Artesanía Latina iitwayo Sultan, ambayo ni jahazi la Kiarabu. Ni seti nzuri, lakini umbo lake si la vyombo vinavyotia nanga hapa kwetu, na anayetaka cha kwetu asome jibu la mwisho.

Skeli ya 1:48 au 1:72 ina maana gani?

Ina maana kwamba milimita moja katika modeli ni sawa na milimita 48 au 72 katika chombo halisi. Jahazi la mita 15 likijengwa kwa 1:50 litakuwa na sentimita 30, na kwa 1:100 litakuwa na sentimita 15 tu. Kadiri nambari ya pili inavyokuwa ndogo, ndivyo modeli inavyokuwa kubwa na rahisi kushikika. Kabla ya kununua, gawa urefu wa chombo halisi kwa nambari hiyo, ongeza nafasi ya dasturi inayotokeza mbele na foramali zinazotokeza pembeni, kisha pima rafu yako. Wapo waliomaliza modeli wakakosa mlango wa kuipitisha.

Seti zinapatikana wapi, na gharama yake ikoje?

Madukani kwetu ni nadra sana, kwa hiyo huagizwa kutoka nje kwa njia ya intaneti. Seti ndogo huanzia makumi ya dola za Marekani, na seti ya manowari kubwa huweza kuzidi dola 1,000. Kumbuka kwamba ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafirishaji na bima, na kwamba kodi ya ongezeko la thamani hufuata juu yake, kwa hiyo bei iliyoandikwa dukani siyo utakayolipa. Boksi la meli kubwa ni zito na refu, na mara nyingi usafiri wake peke yake unatosha kununua seti nyingine ndogo. Watu wawili au watatu wakiagiza pamoja, mzigo huwa nafuu kwa kila mmoja.

Nahitaji vifaa gani?

Vichache kuliko unavyodhani. Kisu chenye ncha ya kubadilisha, rula ya chuma, msumeno wenye meno madogo, tupa mbili au tatu ndogo, drili ya kuzungusha kwa vidole yenye keekee za milimita 0.5 hadi 2, kibanio chenye ncha nyembamba, na msasa wa namba 120, 240 na 400 uliogundishwa juu ya vibao bapa. Ongeza vibanio vya nguo vya mbao, vingi kadiri uwezavyo, kwa sababu ukivigeuza mdomo vinabana fito kwenye taruma vizuri kabisa. Randa ndogo ni kitu cha thamani ukiipata. Mashine za umeme zinaweza kusubiri.

Boksi limefika. Nianze wapi?

Usikate chochote siku hiyo. Hesabu vipande ukilinganisha na orodha, soma maelekezo mpaka mwisho, kisha toa kipande cha plaiwudi cha mkuku ukilaze juu ya kioo au kigae kilichonyooka. Hapa pwani jambo hili lina uzito wa pekee. Plaiwudi iliyokaa kwenye ghala kavu Ulaya, ikapita baharini, ikafunguliwa Bagamoyo wakati wa masika, hunywa unyevu na kujikunja. Mkuku uliojikunja milimita mbili tu utazaa chombo kinachoonekana kuugua hata mtu asiyejua kitu akikitazama kutoka mbele. Ukiona umejikunja, ulowanishe kidogo upande uliobonyea, uubane kati ya mbao mbili zilizonyooka, na uuache siku kadhaa ukauke taratibu kivulini. Fito nazo zifunguliwe na kuachwa chumbani utakamofanyia kazi kwa wiki moja au mbili, zizoee hewa ya hapo kabla hazijagundishwa.

Mataruma yakishachomekwa, hakikisha kila moja limesimama wima juu ya mkuku kwa pembe mraba, na kwamba kushoto na kulia ni sawa. Gundi isikauke kabla ya ukaguzi huo.

Mbao za ubavuni zinavikwaje? Zangu zinajikunja, zinapandana na kuacha mianya.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na sababu ya tatizo karibu kila mara ni ile ile. Mjenzi amechukua fito zenye upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, akajaribu kuzilazimisha zifunike umbo lisilo na upana mmoja. Tumbo la chombo ni pana katikati na jembamba kwenye omo (mbele) na tezi (nyuma). Fito ishirini zinazoenea vizuri katikati haziwezi kuenea mbele bila kupandana. Mafundi wa majahazi hulijua hili kwa macho, na ndiyo maana kila ubao wa jahazi huchongwa kwa tezo upate umbo lake wenyewe. Mjenzi wa modeli hana budi kufanya hivyo hivyo.

Kabla ya fito ya kwanza, yasawazishe mataruma. Kingo zake hutoka kiwandani zikiwa mraba, ilhali ubavu hupinda kuelekea omo na tezi, kwa hiyo kila ukingo lazima upigwe msasa kwa mwinamo. Laza fito moja juu ya mataruma kuanzia omo hadi tezi, bila gundi, ukiisogeza juu na chini. Ikigusa kila taruma kwa upana wake wote, mwinamo umefika. Ikigusa kwa ncha tu, bado. Ikiacha mwanya juu ya taruma moja, gundisha ukanda mwembamba wa mbao juu ya taruma hilo kisha usawazishe tena. Kazi hii inachosha na haina sura ya maendeleo, ila kila saa unayoiweka hapa inarudi mara tatu baadaye.

Sasa pima. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe juu ya taruma la katikati kutoka ukingo wa sitaha hadi mkuku, na uweke alama. Tuseme umepata milimita 100 na fito zako zina upana wa milimita 5, basi zinahitajika fito 20 kila upande. Pima hivyo hivyo kwenye taruma la mbele kabisa. Ukipata milimita 60, ugawe kwa 20, kila fito hapo lazima iwe na milimita 3. Rudia kwenye kila taruma, uandike upana juu ya taruma lenyewe kwa penseli. Kisha kila fito ichongwe kwa kisu au randa kulingana na nambari hizo kabla ya kuwekwa. Kanuni moja haivunjwi, kwamba fito isipunguzwe chini ya nusu ya upana wake wa awali. Hesabu ikikudai chini ya hapo, fito mbili zinazopakana hukomeshwa kabla ya kufika omo na nafasi yao hushikwa na fito moja pana. Nyuma, ambako umbo hupanuka, hali hugeuka, na huenda ukahitaji kipande chenye ncha kali kinachoingia kati ya fito mbili kuziba nafasi.

Fito ya kwanza ifuate mstari wa sitaha, kwa sababu ndiyo itakayotoa sura ya chombo kizima. Ya pili iwe upande wa pili wa chombo, mahali pale pale. Endelea kwa kubadilishana pande, kwani ukimaliza upande mmoja peke yake fito zinazokauka zitauvuta mkuku na kuupinda. Baada ya fito tano au sita kila upande, hamia chini uweke ile inayolala kando ya mkuku, nayo isipande juu sana mbele. Wengi huivuta juu kwenye omo kwa sababu ndiko inakotaka kwenda yenyewe, na matokeo yake mbao zote zinazofuata hukosa nafasi.

Kupinda ni kwa maji ya moto na subira. Fito ya mti laini yenye unene wa milimita 1.5 ikilowa kwa dakika kumi na tano hivi katika maji ya moto hukubali kukunjwa kuzunguka chupa au kopo. Ibane ikiwa mbichi mahali pake bila gundi, uiache ikauke mpaka kesho, ndipo uigundishe. Kugundisha fito yenye maji ni chanzo kikubwa cha mianya, maana mbao hupungua upana inapokauka. Wakati wa masika, usiku mmoja hautoshi. Gusa fito kwa shavu, na ukihisi ubaridi ujue bado ina maji.

Mianya midogo iliyobaki hujazwa kwa vumbi la mbao ile ile iliyochanganywa na gundi nyeupe.

Kwa nini seti nyingi zina tabaka mbili za mbao?

Tabaka la kwanza, la mti laini, hujenga umbo na huweza kupigwa msasa bila huruma. La pili, lenye unene wa nusu milimita au zaidi kidogo, ndilo linaloonekana. Kwa anayeanza, mpango huu ni rehema. Hata hivyo asiseme moyoni kwamba tabaka la kwanza litafichika, kwa sababu mawimbi yake yote hutokeza juu ya la pili.

Nitumie gundi ipi?

Gundi nyeupe ya mbao kwa karibu kila kitu. Inakupa dakika za kurekebisha, na inabanduka kwa spiriti au maji ya moto ukikosea. Supagluu itumike kidogo, mahali pasipowezekana kubanwa, kwa sababu huacha ukungu mweupe juu ya mbao, hukatika kwa mshtuko, na moshi wake huumiza macho. Supagluu hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo hapa pwani hushika haraka kuliko kitabu kinavyosema, na chupa iliyofunguliwa huharibika mapema. Ihifadhi ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Kwa kubandika chuma juu ya mbao, gundi ya kuchanganya mirija miwili ndiyo imara.

Je, naweza kutumia mbao za hapa nchini?

Naam, na hapa ndipo mjenzi wa Bagamoyo au Tanga anapomzidi mwenzake wa mbali. Kwa wachongaji wa milango na watengenezaji wa samani, mabaki ya mninga na mtiki hujaa sakafuni, na mtu akiomba kwa adabu hupewa mfuko mzima. Swali ni kuchagua yanayofaa. Katika modeli ndogo, nyuzi za mti zikiwa nene, jicho huona gogo badala ya ubao wa meli.

Mninga hautanuki wala kusinyaa sana, na rangi yake inavutia, lakini nyuzi zake ni nene kwa skeli ya 1:72. Unafaa kuanzia 1:48 kwenda kwenye modeli kubwa zaidi, na ni bora kabisa kwa kitako cha kuwekea modeli. Mkangazi hupasulika vizuri na hukubali msasa. Mtiki, unaovunwa kwa wingi katika shamba la miti la Longuza wilayani Muheza, una mafuta ya asili yanayokataa gundi, kwa hiyo uso wake ufutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya kubandika. Msonobari unatosha kwa tabaka la kwanza tu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na nyuzi zake ni laini mno, nao ukikerezwa hutoa kapi ndogo, vifundo vya nguzo na mapambo meusi yasiyohitaji rangi. Tangu mwaka 2017 jamii yote ya miti ya mpingo imo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo anayetaka kuiuza modeli nje ya nchi aulize kwanza kuhusu vibali.

Ili kupata fito, mwombe seremala aupige randa ubao mpaka unene wake uwe sawa na upana wa fito unaoutaka, tuseme milimita 5. Kisha apasue ukingoni mwake vipande vya milimita 2, nawe uvimalizie kwa msasa. Kwa misumari ya mbao, chukua vijiti vya mishikaki vya mianzi, uvichane, halafu uvivute kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo kwenye bati la chuma ulilolitoboa mwenyewe. Mwanzi hukubali kuvutwa hivyo mpaka milimita 0.6 bila kukatika, jambo ambalo miti mingi haiwezi.

Funika pua na mdomo unapopiga msasa. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kuziba kifua cha baadhi ya watu.

Kamba na matanga yafanywe vipi?

Kosa la kawaida ni nyuzi nene. Katika meli za zamani za Ulaya, ukubwa wa kamba uliandikwa kwa mzingo wake, wala si kwa kipenyo. Kamba iliyoandikwa sentimita 10 ina kipenyo cha sentimita 3.2 hivi, na katika skeli ya 1:64 hiyo ni nusu milimita tu. Anayesoma 10 akadhani ni kipenyo ataweka uzi mnene mara tatu.

Kamba zinazoshikilia milingoti hazisogei, na zilipakwa lami, kwa hiyo zitumie uzi mweusi au wa kahawia iliyokolea. Zinazovuta foramali na matanga ziwe na rangi ya kamba mpya. Uzi wa mshonaji unafaa, ila upitishe mara mbili juu ya kipande cha nta ya nyuki ili manyoya yalale. Uzi wa pamba hujikaza na kulegea kufuatana na unyevu, na katika mji wa bahari modeli iliyokazwa sana wakati wa kiangazi huweza kupinda milingoti mvua zikianza. Uzi wa poliesta unavumilia zaidi. Funga kutoka ndani kwenda nje na kutoka chini kwenda juu, la sivyo utajikuta unapitisha kibanio katikati ya msitu wa nyuzi ulizozifunga jana.

Kwa matanga, bafta nyepesi iliyolowekwa katika chai ya rangi na kukaushwa kivulini hupata rangi ya tanga lililotumika. Kitambaa cha marekani ni kizito mno, isipokuwa kwa skeli ya 1:24 au kubwa zaidi. Wapo wanaoacha foramali tupu ili kamba zionekane, na huo pia ni uamuzi wa heshima.

Kazi huchukua muda gani?

Boti ndogo huhitaji saa 50 hadi 100, na manowari kubwa huzidi saa 1,000, ambazo kwa mtu mwenye kazi na familia ni miaka kadhaa.

Watoto wanaweza kushiriki?

Kuanzia miaka 12 hivi, wakiwa na mtu mzima karibu, na visu na supagluu vikiwa mikononi mwa mtu mzima. Walio wadogo zaidi wapewe msasa na kazi ya kupanga fito.

Nitaitunzaje modeli pwani?

Iweke ndani ya kabati la kioo lenye tundu dogo la hewa, mbali na dirisha, kwa kuwa jua hufifisha mbao na kudhoofisha nyuzi, na upepo wa bahari hufanya shaba kuwa ya kijani. Kabati lisigusane na ukuta wala sakafu, kwa ajili ya mchwa. Ukiona unga mweupe chini ya modeli, dumuzi (wadudu watoboao mbao) wameingia. Mbao ambazo bado hazijajengwa zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ndipo zitumike.

Kwa nini nijenge meli za Ulaya ilhali majahazi yapo ufukweni? Nitajengaje jahazi lisilo na seti?

Swali hili huulizwa zaidi na wazee, na ni la haki kabisa. Seti ni mahali pa kujifunzia mkono. Baada ya boti moja au mbili, mtu aliyefuata jibu la kuvika mbao anaweza kujenga jahazi, mashua au dau bila kuletewa boksi kutoka popote, na kwa maoni yangu ndiko anakopaswa kuelekea. Vyombo hivi hujengwa bila michoro. Fundi hubeba umbo kichwani, na vyombo viwili vya fundi mmoja havilingani, kwa hiyo hakuna ramani ya kununua. Kinachowezekana ni kupima chombo kimoja kama kilivyo.

Nenda pwani maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua (maji makuu), vyombo vinapokaa juu ya mchanga kwa saa kadhaa vikiwa vimeegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kuvizuia visilale. Mtafute mwenye chombo kwanza. Shikamoo ikishaitikiwa, mweleze wazi: "Nahodha, naomba ruhusa nikipime chombo chako, nataka kukijenga kwa udogo wake." Mara nyingi atakushikia ncha ya pili ya kamba, na atakuambia habari za chombo ambazo kipimo hakiwezi kuzisema, kama ubao upi ulibadilishwa na kwa nini.

Nyosha kamba sambamba na mkuku kutoka omo hadi tezi, uweke alama kila mita. Kwenye kila alama simamisha mti ulionyooka kwa timazi, kisha pima kwa rula umbali kutoka mtini hadi ubavuni, kila sentimita 20 kwenda juu. Andika kwenye daftari papo hapo, wala usitegemee picha peke yake, kwa maana kamera hupotosha mikunjo. Nyumbani, kwa skeli ya 1:40, kila mita inakuwa milimita 25, na jahazi la mita 12 linakuwa na sentimita 30. Kila alama inakupa umbo la taruma moja la plaiwudi.

Mafundi wa kale wa Bahari ya Hindi walipandisha mbao kwanza, na mataruma yakaingizwa baadaye kufuata umbo la mbao. Katika modeli, mataruma ya plaiwudi hufanya kazi ya kalibu. Anayetaka kuufuata ustadi wenyewe huyafunika kwa nailoni yasishike gundi, huvika mbao juu yake, kisha huyaondoa na kuingiza mataruma ya kweli yaliyochongwa kwa mti uliopinda.

Mlingoti wa jahazi huinama mbele, na foramali hufanywa kwa miti miwili au zaidi iliyoungwa kwa kamba. Usiige kamba za meli ya Ulaya hapa. Foramali ya jahazi huzungushwa mbele ya mlingoti chombo kinapogeuzwa, kwa hiyo kamba ya kudumu kutoka kichwa cha mlingoti hadi omo ingeizuia kupita. Kamba za pembeni nazo hufungwa upande unaotoka upepo, na huhamishwa upepo unapobadili upande. Kwa hiyo amua kwanza chombo chako kimekamata upepo wa upande gani, uweke tanga upande wa pili, ndipo ufunge kamba ya kwanza.